Kadi Mbili kwenye Mzani wa Maharage

Pacha wangu Bukuru,

Mwakeye. Najua hutaitikia, lakini tulifundishwa kusalimia kwanza ndipo tutukanane, kwa hiyo nimesalimia.

Kidole changu cha kati cha mkono wa kushoto, kile ulichokitafuna, bado hakikunjiki. Kinasimama hata ninapoandika kwenye kibodi, na wateja wapya hudhani nawatukana. Wakiuliza, nawaambia niliumwa na mbwa. Naomba radhi kwa hilo pia, ingawa ni dogo katika mengi nitakayokuomba radhi leo.

Barua hii nimeibandika kwenye mlango wa chumba chetu cha gemu hapa Kasulu, na nimeituma kwenye lile kundi la WhatsApp la wachezaji, walewale waliokuwa wakikucheka. Simu yangu umeifungia miaka miwili sasa. Wapo wanaosema unauza vitenge Mabamba, karibu na mpaka, na wapo wanaosema umehamia Buhigwe. Popote ulipo, mtu atakuonyesha. Nimetaka wao waisome kabla yako, kwa sababu aibu uliyoipata uliipata mbele yao. Siwezi kukunong'oneza ukweli pembeni wakati uongo niliutangaza kwa sauti.

Unakumbuka tulivyolelewa Kitahana? Data, baba yetu, alikuwa mnunuzi wa maharage, na ule mzani wake wa sahani mbili ulining'inia kwenye boriti sebuleni, mahali ambapo wenzetu hutundika picha ya harusi. Tulipozaliwa bibi alimwambia kwamba pacha akipunjwa huondoka. Na Data, aliyemzika mama kabla hatujajua kutembea, hakutaka mtu mwingine aondoke. Basi tukapimiwa kila kitu. Viazi vilipimwa, nyama ya sikukuu ilipimwa. Mche wa sabuni ukikatwa, vipande vilipanda mzanini, na kilichozidi Data alikikwangua kwa kisu mpaka sahani zitulie. Majirani walituita watoto wa dukani.

Hata viboko vilipimwa. Ukivunja chungu wewe, tunalala kifudifudi wote wawili: wewe vitatu, mimi vitatu. Nikitukana mimi, wewe ndiye unayeanza kulia. Siku moja nilimwuliza, "Data, mimi nimekosa nini?" Akasema, "Hujakosa. Lakini mkubwa akipigwa peke yake atakuchukia." Tukiwa tumelala pale ulikuwa unanishika mkono, unaubana kwa nguvu kila fimbo inaposhuka, na tukitoka nje tu unanipiga ngumi ya mgongo kwa kosa lililotuponza. Tulipigana kila siku ya Mungu. Uliniondoa jino la utoto kwa mwiko, nami nikakuchoma paja kwa kijinga cha moto. Lakini mtu wa nje aliyethubutu kumgusa mmoja wetu alikiona cha mtema kuni kwa mikono minne.

Hata chumba cha gemu tulikianzisha kwa ugomvi. Tulikuwa na kompyuta mbili nyembamba za mnada, zilizostaafu ofisini. Kwa kuandika barua za kazi zilifaa, ila ukifungua gemu ya bunduki picha zilikokotwa kama gunia. Tulihitaji kadi za picha, na kwa uwezo wetu ilikuwa lazima ziwe za zamani. Wewe ulitaka lile dude la feni mbili, la mtumba, uliloliona kwenye simu.

"Likiingia hilo, watu watatoka Kibondo kuja kucheza kwetu," ukasema.

"Likiingia hilo, pawa saplai italipuka," nikasema.

Nikakueleza kwamba dude lile linadai waya wake wa umeme, na pawa saplai zetu, vile visanduku vya umeme, hazina waya huo. Na kwamba mitumba mingi ya aina ile imechimbishwa sarafu za mtandaoni miezi na miezi bila kupumzika, mpaka feni zimekongoroka. Ukasema mimi mwoga. Nikasema wewe kichwa chako ni cha kufugia nywele. Bisibisi uliyonirushia ilipita kando ya sikio langu, na tundu lake ukutani lipo mpaka leo. Nikakupiga na kibodi hadi herufi zikaruka. Kulikuwa na kadi nyingine ya kati, isiyohitaji waya, lakini ndefu mno, ingegonga kikasha cha diski. Mwishowe tukakubaliana kuhusu ile ndogo ya nusu kimo, feni moja, inayotosheka na umeme wa kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa mashine. Nasema tukakubaliana, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimekukalia kifuani.

"Basi ziwe mbili, na ziwe sawa," ukasema kutoka pale chini.

"Ego, ndiyo," nikasema, nikakuinua.

Data ndiye aliyetununulia. Alimwagiza yule mwalimu wa hisabati, Mpare, aliyekuwa akienda Dar es Salaam likizo: "Mwalimu, ziwe pacha. Zikitofautiana hata unywele, usizilete." Mwalimu akapata moja duka la kwanza, ya pili duka la jirani. Jina lilikuwa lilelile, rangi ileile, feni ileile. Data akatuita Kitahana, akashusha mzani, akaweka kadi hii sahani hii na kadi ile sahani ile. Sisi wanawake wazima tukapiga magoti kama enzi za sabuni. Sahani zikapanda, zikashuka, zikatulia.

"Mzani haujui upendeleo," Data akasema. "Mkubwa achague kwanza."

Ukachagua ya kulia. Hakuna aliyejua kwamba kadi za zamani za bei ya chini zinaweza kubeba jina moja na sura moja, halafu ndani moja ikawa na memori ya kasi na nyingine memori ya polepole. Mzani unapima uzito, hauoni kasi. Wewe ulichukua ya kasi, Bukuru. Riziki yako ilikuwa mkononi mwako, na hukuiiba kwa mtu.

Unazikumbuka zile Jumamosi? Mashine zetu mbili zimeunganishwa kwa waya, wewe kushoto, mimi kulia, tunawindana kwenye magofu ya gemu huku vijana wa bodaboda wamejazana mpaka dirishani. Uliniua wiki ya kwanza, ukaniua ya pili. Ulikuwa unanipiga risasi ya kichwa, halafu unasimama juu ya maiti yangu unaruka ruka, na chumba kizima kinalipuka kwa kelele. Mimi nilikuwa nakuona umesimama hapa, nafyatua, kumbe ulishahama. Kioo changu kilichelewa. Nilikuwa napiga mahali ulipokuwa, si mahali ulipo.

Mimi ndiye fundi, wewe hukuwahi kupenda mambo ya ndani ya mashine. Nikafungua programu inayosoma kadi, kwangu kisha kwako. Yako iliandika memori ya kasi, yangu ya polepole. Nilikaa nazitazama herufi zile, na sitakudanganya, nilichokisikia kwanza ni furaha, kwa sababu sikuwa dhaifu, nilikuwa nimepunjwa. Neno lile lilinipanda kichwani. Ningekuita, tungecheka, tungebadilishana kila wiki, na mambo yangeishia hapo. Badala yake nilingoja hadi ulipokwenda Kibondo kwenye msiba, nikafunga mlango mchana kweupe, nikazibadilisha. Haikuchukua hata nusu saa. Kisha nikachota vumbi la mashine yangu kwa kidole, hikihiki kisichokunjika sasa, nikalipaka kwenye skrubu zako ili zionekane hazijaguswa.

Niliapa kwamba ni kwa wiki moja tu. Lakini Jumamosi ile nilikuua mara tisa, na mara ya tisa niliruka juu ya maiti yako kama ulivyokuwa ukiruka juu ya yangu, na watu wakaliimba jina langu. Utamu ule ulinilevya. Mkuki kwa nguruwe. Nilipochomwa mimi nililia, nilipochoma mimi nikacheka. Wakakupa jina la Mama Kuganda. Ukienda sokoni kununua dagaa wanakuita, "Mama Kuganda, pita, au umeganda?"

"Butoyi, mashine yangu ina kitu," uliniambia.

"Kitu kiko mikononi mwako," nikakujibu, mbele ya wateja.

Ukaniomba tubadilishane viti mara moja tu. Nikasema Data amepima, unataka kumfanya Data mwongo? Ukaniomba nifungue kasha. Nikalifungua, nikakuonyesha: kadi ndogo, feni moja, vumbi lake. "Ni ileile," nikasema, nawe ukaniamini kwa sababu mimi ni fundi na ni pacha wako. Papa Kalala, yule Mkongo wa Nyarugusu aliyekuwa akija siku akipata kibali, alikaa kwenye mashine yako saa moja, akaniita. "Tantine," akasema, kwao ndiyo shangazi, "ile mashini iko na problemu. Naipiga mutu, mutu iko ananiangalia tu." Nikamwambia akacheze kambini kwao. Hakurudi tena. Papa Kalala, kama hii imekufikia, nawe naomba unisamehe. Ulikuwa mtu pekee mle ndani aliyesema kweli.

Ndipo ukaenda kwa Data ukamwambia alinipa mimi kilicho bora. Hukujua ulichokifanya. Ungemwambia mzee yule ameua mtu, angekusamehe. Alipanda basi la asubuhi na mzani wake kwenye kiroba, akaingia Kasulu siku ya Jumamosi, chumba kimejaa. Akaning'iniza mzani kwenye nondo ya dirisha. Nikafungua makasha kwa mikono hii, nikampa kadi. Sahani zikapanda, zikashuka, zikatulia. Watu wakapiga makofi.

"Mzani umesema," Data akasema. "Wewe unasemaje?"

"Mzani unadanganya," ukasema.

Fimbo yake ya kutembelea ilikushukia begani kabla hujamaliza neno. Hukukimbia. Ulipiga magoti mwenyewe, ukalala kifudifudi kwenye sakafu yetu ya saruji, mwanamke wa miaka ishirini na sita, mbele ya vijana waliokuwa wamezima hata simu zao wakitazama. Nami nikalala kando yako. Mwili wangu ulijua la kufanya hata kama moyo wangu ulikuwa umeoza. Ukanipa mkono, nikaushika. Vikashuka saba mgongoni mwako, na kila kimoja ulinibana vidole. Nikangoja vyangu.

Data aliinua fimbo juu yangu, kisha akaishusha taratibu mpaka chini.

"Huyu hajakosa," akasema. "Inuka, Butoyi."

Bukuru, nikainuka. Hilo ndilo kosa langu kubwa, kuliko kadi, kuliko vumbi la skrubu. Ningebaki nimelala. Ningesema, nipige na mimi, maana ndivyo tulivyo. Nilikuachia mkono, nikainuka, nikapangusa gauni.

Ulinirukia kwa kilio ambacho sijakisikia kwa binadamu wala kwa mnyama. Tukaangukia meza, mzani ukaanguka, mawe yake yakatawanyika hadi mezani. Ulikishika kidole changu kwa meno, nikasikia mfupa ukilia, na mkono wangu wa kulia ukapapasa mezani ukakuta jiwe la kilo moja. Ninakumbuka ubaridi wake. Nilikupiga nalo mdomoni. Ulikuwa bado hujaachia, nikakupiga tena. Ulipoachia, meno yako mawili ya mbele yalibaki kwenye kibodi, moja juu ya herufi, moja katikati, na damu ikateremka mezani mpaka kwenye kipanya. Hukulia tena. Ulijifunga kanga mdomoni, ukapita katikati ya watu, na wote wakakupisha. Hukurudi hata kuchukua nguo zako.

Pacha akipunjwa huondoka. Bibi alisema.

Sasa kwa nini nakuandikia leo, baada ya miaka miwili ya kula na kulala na jambo hili? Kwa sababu ya shamba. Mwezi huu Data aliniita Kitahana. Nilimkuta anachonga vigingi. Akaniambia, "Nilipanga kupanda minyaa ya mpaka katikati, huku Bukuru, huku wewe. Sasa sipandi. Aliyeukana mzani hana fungu. Bonde lote na migomba yake ni lako." Nitakwambia na hili, maana nimeamua kujivua nguo: kwa muda wa kutoka pale uani mpaka kwenye migomba, nilifurahi. Nilianza kupanga mihogo itakaa wapi. Kisha nikakuta lile jiwe tulilokuwa tukinolea panga, lenye shimo katikati, ambalo wewe ulikuwa unakalia upande wako na mimi upande wangu. Nikakaa upande wangu. Upande wako ulikuwa umeota nyasi.

Nikarudi ndani.

"Data, kadi hazikuwa sawa. Ya kasi ilikuwa ya Bukuru. Nilizibadilisha."

Hakuelewa. Alinyanyuka akaenda kuushika mzani, kana kwamba nao ungejitetea. Nikamweleza polepole kama unavyomweleza mtoto: jina moja, uzito mmoja, ndani tofauti. Akabaki ameshikilia sahani moja.

"Kwa hiyo nilimpiga mwanangu bure," akasema.

"Ego."

"Vilikuwa vingapi?"

"Saba."

"Lala."

Nikalala. Data amezeeka, Bukuru, lakini mkono wake haujazeeka. Cha nne kilivunja fimbo. Akatoka kwenda kukata nyingine, nami nikabaki pale sakafuni nikimsikia anatembea nje, anachagua. Angechelewa hata mpaka jioni nisingeinuka. Mkono wangu ulikuwa umenyooka pembeni, nikautazama, na hapo ndipo nikajua ulikuwa unatafuta nini. Hapakuwa na mtu wa kuubana. Akarudi, akamalizia vitatu, akaketi kwenye kigoda na machozi yakimtiririka waziwazi, mzee ambaye hatujawahi kumwona analia hata alipokuwa anasimulia msiba wa mama.

"Na meno?" akauliza.

"Mawili."

"Hayo siyawezi mimi," akasema. "Mwenyewe aje."

Siku iliyofuata tulipanda minyaa, yeye akichimba, mimi nikibeba maji huku mgongo unawaka. Imepita katikati. Nusu yako iko upande wa mto, ile uliyokuwa ukiitaka tangu tukiwa wadogo. Hakuipima kwa hatua zake safari hii. Alimwita mtu mwenye kamba, akarudia mara mbili.

Chumba cha gemu kipo. Kadi ya kasi iko kwenye mashine yako ya kushoto, nimeirudisha mbele ya watu, na kila aliyetaka kuisoma programu ile nilimwonyesha. Mimi nacheza ya kulia. Jumamosi vijana wananiua watakavyo, wanaruka juu ya maiti yangu, na jina la Mama Kuganda sasa ni langu. Wakiliita sokoni naitika. Kama kuna mtu anataka kununua kadi ya zamani na anasoma barua hii kwa ajili hiyo tu, nakushauri uangalie aina ya memori kabla ya jina, na usimwamini fundi aliyeshindwa na dada yake.

Nimekukumbuka, Bukuru. Nimezikumbuka hata ngumi zako za mgongoni. Hakuna anayenirushia bisibisi, kila mtu ananiamkia kwa adabu, na adabu yao inanikera.

Jiwe la kilo moja sikumrudishia Data. Liko juu ya meza yako, pembeni ya kipanya, na sikulifuta. Njoo, ukae kwenye kiti chako, nami nitakaa changu. Ukilichukua sitakwepa, na sitakuuma. Tutakuwa tumelingana, kama tulivyolelewa. Usipolichukua, sijui tutakuwa tunaitwaje, maana hatujawahi kufundishwa kupeana kitu bila mzani. Lakini uje.

Mimi niliyeinuka peke yangu,
pacha wako mdogo,
Butoyi